Kabla hujanunua AC au sola hapa Dodoma, angalia kwanza bati na ukuta wa magharibi

Mkazi_Ilazo

Wakuu salaam.

Oktoba imeingia na kila grupu la mtaa maswali ni yale yale: AC ipi haili umeme, sola ya wati ngapi inatosha, uniti zinaenda wapi. Nimeona nifungue uzi tuliongee kwa kirefu, maana naona tunaanzia mwisho. Nyumba nyingi zinazoota kila siku Nzuguni, Iyumbu, Mkonze na kule njia ya Ihumwa zinameza joto kutwa nzima kwa sababu ya ramani na paa, halafu mwenye nyumba ananunua mashine ya kulitoa na umeme wa LUKU wa kuiendesha mashine.

Ramani nyingi zimechorwa kwa mazoea ya Dar zikaletwa huku hivyo hivyo. Dodoma tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Machi au Aprili, jumla yake haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na miezi mingine hewa ni kavu kabisa. Hewa kavu na mwinuko vinatupa kitu ambacho watu wa pwani wanakitamani: jua likizama, nje panapoa haraka. Juni na Julai unavuta blanketi. Hata miezi hii ya joto, alfajiri hewa ya nje ni safi na baridi. Ajabu ni kwamba saa nne usiku chumbani bado panawaka na feni inazungusha hewa ya moto.

Twende kwenye jua. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana liko juu; Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi linapita kidogo upande wa kusini, miezi mingine upande wa kaskazini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unaukinga kirahisi, paa likitokeza nje sentimita 60 hadi 90 umemaliza. Mashariki na magharibi ni habari nyingine. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi jioni linakuja limelala, linapita chini ya paa na kupiga ukuta na dirisha uso kwa uso. La magharibi ndilo baya zaidi, kwa sababu linakuja wakati nyumba imeshachoka na joto la mchana. Tofali la saruji linakunywa lile joto mpaka jua linazama, halafu usiku linaanza kulitema ndani, kwenye kitanda chako.

Bora kabisa ni kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Najua kiwanja kinatazama barabara na mipango miji ndiyo imeamua, huwezi kuzungusha kiwanja. Lakini vyumba unaweza kuvizungusha. Weka stoo, choo, bafu na jiko upande wa magharibi, vyumba vya kulala mashariki au kusini. Jiko likikaa magharibi kuna faida ya pili: upepo wetu muda mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo moshi na joto la kupikia vinatoka nje badala ya kuja sebuleni. Watu wanaweka masta, chumba kikuu cha kulala, magharibi ili "wapate view ya machweo". Haya.

Sasa bati. Bati ndilo kikaango chenyewe. Bati la rangi ya giza juani linapita nyuzi joto 60 bila shida, na upande wake wa chini unapiga joto dari, dari linapiga kichwa chako. Siku hizi kila mtu anataka kijivu cha mkaa au kahawia iliyoiva. Mabati hayo yanapendeza, sikatai. Lakini bati jeupe au krimu linarudisha sehemu kubwa ya jua juu lilikotoka, na bei dukani ni ile ile kwa geji ile ile. Hapo hujaongeza hata shilingi.

La mwisho kwa leo ni nafasi kati ya bati na dari. Hewa ya humo inatakiwa itoke. Fundi anapofunga fishabodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) na dari la nje bila kuacha tundu hata moja, ameifungia hewa ya moto humo mpaka usiku. Mwambie aache matundu yenye wavu pande mbili, mashariki iingie, magharibi itoke. Wavu uwe mdogo, popo wa hapa mnawajua.

Karibuni. Mafundi, wapangaji, wenye sola, kila mtu aweke anachokijua.

Chilonwa_Boy

Mkuu umenena, na mimi naongeza kwa upande wa wenyeji. Sisi Wagogo tembe ilikuwa na jibu la hili kabla ya LUKU. Kwa vijana ambao hamjaiona: kuta za miti na udongo mnene, paa bapa la magogo na fito, juu yake nyasi, juu yake udongo tena. Nyumba fupi, inazunguka ua, matundu ya mwanga madogo.

Ingia ndani saa nane mchana Septemba, nje vumbi linakimbia na jua linachoma, ndani kuna ubaridi unaokufanya usinzie. Udongo ule mzito unachukua masaa mengi kupitisha joto. Linapofika ndani, nje kumeshapoa, na asubuhi udongo umepoa tena unaanza upya.

Simwambii mtu arudi kwenye tembe. Mvua ikikolea paa linavuja, ndani giza, moshi, na mchwa hawalali. Nasema tu ile kazi ilikuwa ya uzito wa udongo, na bati halina uzito wowote. Ukiweka bati lazima utafute kitu cha kushika nafasi ya ule udongo.

Ghorofa_Sifuri

Mleta uzi umeanza vizuri, kwenye rangi ya bati ukaharibu. Mimi nimejenga ya kisasa, bati nimelificha, kuta zimepanda juu, nyumba imekaa kama boksi safi. Sasa unataka niweke bati jeupe na mapaa yametokeza kama nyumba ya misheni ya 1950? AC nimefunga, bili nalipa, maisha yanaenda.

Mkazi_Ilazo

Mkuu Ghorofa_Sifuri, lako ndilo rahisi kuliko wote! Bati lako limefichwa, hakuna anayeliona. Lipake rangi nyeupe ya kurudisha jua hata kesho, nani atajua? Ndege tu.

Tatizo la kuficha bati liko kwenye kuta. Hakuna kinachotokeza, kwa hiyo ukuta wote unapigwa jua kuanzia msingi mpaka juu, na madirisha yako uchi. Halafu zile kuta zilizopanda zinazuia upepo usipite juu ya bati, na mara nyingi fundi haachi pa hewa kutokea. Ukishajenga hivyo, weka vizibo vya jua, vya zege au vya chuma, juu ya kila dirisha, vitokeze nje nusu mita. Kwenye la magharibi weka shata au kiwambo cha mbao cha kusimama, maana kizibo cha juu hakizuii jua lililolala. Muonekano wa boksi unabaki pale pale.

Fundi_Waya

Habarini. Mimi ni fundi umeme, nipo maeneo ya Area C na Makulu zaidi. Nitaongea upande wa uniti, ya ujenzi nawaachia.

Kwanza bei, maana watu wanalalamika bila hesabu. Kwa bei za EWURA, mamlaka inayopanga bei za umeme, za tangu 2016, mteja wa kawaida, kundi la T1, uniti moja (kilowati moja kwa saa moja) ni shilingi 292 kabla ya makato. Weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA asilimia 1, inafika kama 356. Ndiyo maana 10,000 inatoa uniti 28, na mwezi unapoanza inakuwa pungufu kwa sababu ya kodi ya jengo. Kuna kundi la D1, hawa ni wa majumbani wenye matumizi madogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kabla ya makato, yaani 122 hivi. Ukizidi 75, zinazozidi zinapigwa 350 kabla ya makato. Kwa hiyo nyumba inayotumia 85 ikishuka ikawa 70 na ikakubaliwa D1, haiokoi uniti 15 tu, bei yenyewe inashuka karibu mara tatu. Matumizi yako yakishatulia huko chini, nenda ofisi ya TANESCO ukaulize utaratibu wa kubadilishiwa.

Sasa nini kinakula? Kanuni yangu ni moja: chochote kinachotengeneza moto kwa umeme ndicho kinakula. Taa, redio, simu, TV, hivi watu wanagombana na watoto bure.

Chukua shawa ya umeme ya kilowati 5. Dakika 10 ni uniti 0.83, karibu shilingi 300. Familia ya watu watano, kila mtu dakika zake 10, ni zaidi ya uniti 4 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni kama 44,000 kwa kuoga peke yake. Halafu baba anazunguka usiku anazima taa za LED za wati 9, ambazo uniti moja inaziwasha zaidi ya masaa 100.

Taa ina maana pale inapokesha. Taa ya nje ya zamani ya wati 60, masaa 12 kila usiku, ni karibu uniti 22 kwa mwezi. LED ya wati 9 mahali pale pale ni 3 na kidogo. Kuna geti nimekuta taa 4 za zamani zinawaka mpaka saa tatu asubuhi kwa sababu swichi iko chumbani kwa mtu aliyesafiri. Weka sensa ya mwanga, ni bei ndogo.

Na kuna kitu cha hapa kwetu watu hawakiangalii: maji ya chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu. Fungua birika lako la umeme utaona ukoko mweupe chini. Ule ukoko unakaa kati ya moto na maji, kwa hiyo unachemsha muda mrefu zaidi kwa kazi ile ile, na hita ya shawa inaungua mapema. Siki au limao na maji, chemsha, acha lilale, suuza. Birika linarudi jipya. Hita ya tangi nayo ifunguliwe isafishwe, usingoje ife.

Friji: lipe nafasi nyuma, lisibanwe ukutani, na lisikae kwenye ukuta wa magharibi au jirani na jiko. Weka karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imeisha. Friji la kati likiwa zima linakula kama uniti moja kwa siku. Likiwa na raba mbovu na barafu vidole vitatu, halizimi.

MamaTunu

Kaka Fundi_Waya, hapo kwenye vitu vya moto nakupinga kidogo. Mimi nina jiko la presha la umeme, lile la kubonyeza, na naona limenipunguzia gharama kuliko mkaa. Maharage niliyokuwa nayakalia mchana mzima na mkaa unayeyuka, sasa naloweka usiku, asubuhi nabonyeza naenda zangu sokoni Majengo. Au ni mimi najidanganya?

Fundi_Waya

Dada MamaTunu hujidanganyi hata kidogo. Lile jiko lina wati 1,000 hivi, lakini halivuti muda wote. Linapasha, likishapata presha linazima, linashtuka kidogo kidogo kurudisha joto. Sufuria yake imefunikwa na pembeni kuna ganda linalozuia joto kutoka. Maharage yaliyolowekwa mara nyingi hata nusu uniti hayamalizi, yaani chini ya shilingi 180. Lile jiko la koili la kuweka sufuria juu, kwa maharage yale yale, utapita uniti moja na nusu kirahisi, maana joto jingi linakwenda hewani. Nilikuwa nasema vitu vya moto vilivyo wazi. Chako kimefungwa.

Chilonwa_Boy

Na kwa mkaa uliobaki tusisahau misitu ya Chamwino na Kondoa inakokwenda. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania. Huku vijijini kwetu bado ni kuni, lakini mjini mtu mwenye LUKU hana sababu ya kuchemsha makande kwa mkaa.

MamaTunu

Chapati je? Usiniambie chapati kwenye jiko la presha 😂

Fundi_Waya

Chapati gesi dada yangu. Kila kitu na mahali pake.

Mpangaji_Mtiifu

Wote mnaongea lugha ya wenye nyumba. Mimi nimepanga Chang'ombe, chumba na sebule, dirisha liko magharibi, dari hakuna kabisa, ni bati na mimi. Mita tunachangia wapangaji wanne, tunagawana sawa, na mmoja ana pasi anayonyooshea nguo za wateja. Nifanye nini ambacho naweza kuhama nacho?

Mkazi_Ilazo

Pole mkuu. Nakujibu kwa utaratibu wa pesa ndogo kwanza.

Dirisha: pazia la ndani halikusaidii kama unavyodhani, jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kinga iwe nje. Mkeka, turubai la rangi ya mwanga au wavu wa kivuli ule wa bustani, ufunge kwenye grili kwa nje, uning'inie ukiacha upenyo wa mkono kati yake na kioo. Saa nane mchana unashusha, jua likizama unapandisha. Ukihama unakunja.

Bati: omba mwenye nyumba ruhusa ya kutundika dari la kitambaa au turubai jeupe chini ya kenchi. Hata kanga na mashuka kuukuu yanakata lile joto la kukuangukia moja kwa moja. Usilibane na bati, acha nafasi, na acha pembeni wazi hewa itoke. Liwe mbali na taa.

Usiku: hii ndiyo dawa ya Dodoma na haina bei. Asubuhi saa mbili funga madirisha na mapazia, fungia ule ubaridi ndani. Jioni nje pakishapoa kuliko ndani, fungua kila kitu, weka feni dirishani ikitazama nje itoe hewa ya moto, upande wa pili iingie baridi. Wengi tunafanya kinyume: mchana kweupe madirisha wazi "tupate hewa" tunaingiza moto na vumbi, usiku tunajifungia. Mbu na vibaka nawaelewa. Wavu na grili.

Mita: hapo nunueni mita ndogo za kugawia, kila mmoja ya kwake baada ya mita kuu. Fundi anafunga kwa siku moja. Bila hivyo hakuna mpangaji atakayebana matumizi, maana anachookoa yeye kinanyooshea nguo za mwenzake.

Jirani_wa_Dar

Nipo Dar ila nahamishiwa Mtumba, mji wa serikali huko Dodoma, Januari. Kuna mtu aliniuzia feni ya maji huku Tabata, ile ya kuweka maji na barafu. Utapeli mtupu, chumba kimekuwa sauna. Naona watu wa Dodoma mnaisifia, ni kweli au mnapigwa wote?

Jua_la_Nala

Hakuna aliyepigwa mkuu, ulinunulia mji usio wake. Ile mashine inapoza kwa maji kukauka kwenye zile sponji. Dar hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki, unabaki na unyevu juu ya unyevu. Huku Agosti mpaka Novemba kitambaa kilicholowa kinakauka ukikiangalia, kwa hiyo inapoza kweli, kwa wati 60 mpaka 200, wakati AC ya BTU 12,000 inavuta kilowati 1 na zaidi ikiwa inapiga kazi. Mtungi wa maji wa bibi unafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Sharti lake: dirisha la upande wa pili liwe wazi. Watu wanafunga chumba kama cha AC, baada ya saa moja unyevu umejaa wanailaumu. Hewa kavu iingie nyuma ya mashine, iliyotumika itoke mbele. Januari mpaka Machi mvua zikiwepo nguvu yake inashuka, iweke pembeni. Na kwa maji yetu ya chumvi sponji zinashika ukoko, zibadilishe au zioshe mara kwa mara. Barafu haina maana, ni kuichosha friji.

Ghorofa_Sifuri

Hapa nimejifunza. Sasa wenye AC tayari?

Jua_la_Nala

Weka 25 au 26, washa na feni ya juu taratibu. Usiweke 18 ukidhani itapoza haraka, inverta au isiyo inverta, itakimbizana na namba ambayo chumba chako cha bati jeusi hakitaifikia. Osha vichujio kila wiki mbili miezi ya vumbi, Julai mpaka Oktoba. Mashine ya nje ikae kwenye kivuli, upande wa kusini ukiweza, na isielekee kwenye kona isiyo na upepo. Ziba mianya chini ya mlango.

Na kwa kuwa jina langu humu ni la jua, niseme kuhusu sola kabla watu hawajaenda dukani. Dodoma tuna jua zuri mno. Paneli ya wati 400 ikiwekwa vizuri inatoa kama uniti moja na nusu mpaka mbili kwa siku. Ielekee kaskazini, mwinuko nyuzi 10 hivi. Ukiilaza kabisa haipotezi sana kwa jua letu, lakini vumbi halitelezi na mvua haisafishi. Iinue kutoka kwenye bati angalau kiganja kimoja, hewa ipite chini, kwa sababu paneli ikipata moto inatoa umeme pungufu. Faida ya pembeni: inakitia kivuli kipande hicho cha bati.

Usafi ni alfajiri, kwa maji baridi na kitambaa laini. Usimwagie maji saa saba mchana, kioo kina moto. Na tumia maji ya mvua, ya kisima yanaacha madoa meupe.

Ila narudi kwa mleta uzi. Kila mteja anayenipigia namwuliza shawa ya umeme ipo? Pasi? Pampu? Mtu anataka betri ya kuendesha shawa ya kilowati 5. Betri ndiyo gharama kubwa ya mfumo wote. Ukiiondoa shawa kwenye hesabu, mfumo unapungua nusu. Maji ya moto yapate jua moja kwa moja: hita ya sola ya mirija, au kwa asiye na uwezo, simtank jeusi lililoko juani. Saa kumi na moja jioni maji yake yana uvuguvugu wa kutosha mtu mzima kuoga. Tatizo ni asubuhi za Juni na Julai tu, hapo chemsha birika moja la maji, changanya kwenye ndoo.

Pampu ya kupandisha maji iendeshwe mchana sola ikiwa imeshiba. Tangi lililojaa juu ni betri isiyozeeka.

zabibu_chachu

Hakuna aliyetaja miti, nashangaa, na huu ni mji wa zabibu. Upande wangu wa magharibi nimesimamisha kichanja, mita mbili na nusu kutoka ukutani, mizabibu imepanda juu. Kivuli kinaanza saa nane mpaka jua linazama, na zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka kama mashamba ya Hombolo na Mpunguzi. Baada ya kupogoa panakuwa wazi kwa muda, basi naning'iniza wavu wa kivuli mpaka majani yarudi. Maji ya kuogea, yasiyo na sabuni kali, yanatosha sehemu kubwa ya mwaka.

Asiyetaka kazi ya kupogoa apande mwarobaini. Unavumilia ukame wetu, una majani karibu mwaka mzima. Mita tano au sita kutoka kwenye ukuta, na mbali na shimo la choo. Msimwagie zege ua wote pia. Ua wa zege upande wa magharibi unarusha jua juu dirishani hata kama una kizibo.

Mpangaji_Mtiifu

Fundi_Waya swali moja. Leo wote tulizima kila kitu tupime, swichi zote za vyumbani chini, lakini kile kitaa chekundu cha mita kinaendelea kupepesa. Ni mita mbovu?

Fundi_Waya

Usikimbilie kuilaumu mita. Soma kwenye uso wake imeandikwa imp/kWh ngapi. Nyingi ni 1000, maana yake kila mpepeso 1,000 ni uniti moja. Hesabu kitaa kinapepesa mara ngapi kwa dakika. Mpepeso mmoja kwa dakika ni wati 60, si kidogo, kwa mwezi ni uniti 43.

Halafu nenda kwenye ubao wa swichi, shusha moja moja. Kikikoma kupepesa ulipoishusha fulani, umepata njia yenye tatizo. Nyumba za kupanga mara nyingi nakuta taa ya nje au ya chooni inayowaka tu siku nzima, au friji la mtu chumba kilichofungwa, au hita ya tangi iliyoachwa. Kikiendelea hata swichi kuu ikiwa chini, hapo pigia TANESCO waje waangalie. Na kama njia yenye tatizo haina kifaa chochote, waya umeingia unyevu au umetafunwa na panya, umeme unavuja. Hiyo mwite fundi siku hiyo hiyo, achana na uniti, ni usalama wa watu.

Mpangaji_Mtiifu

Ni mpepeso mmoja kwa dakika kweli. Taa ya chooni tumeikuta, ni ile ya zamani ya njano.

Ghorofa_Sifuri

Mleta uzi, la mwisho. Rangi nyeupe nitapaka, umenishinda. Lakini ile foili ya kung'aa ya kuzuia joto, dari la jipsam limeshafungwa tayari, naiwekaje? Fundi anasema aitandaze tu juu ya jipsam.

Mkazi_Ilazo

Akiitandaza juu ya jipsam, uso unaong'aa utatazama juu, na kwa vumbi la Dodoma baada ya mwaka hauna kazi tena. Mwambie aipigilie chini ya zile mbao za juu za kenchi zinazobeba bati, uso wa kung'aa utazame chini, aache nafasi kati ya foili na bati ili hewa ipite, na asizibe pale juu kabisa paa linapokutana. Aanzie upande wa magharibi, pesa ikiisha njiani angalau umekinga pabaya zaidi.

Foili inapitisha umeme, kwa hiyo zima swichi kuu kabla hajapanda, na Fundi_Waya au mwenzake apitie viungio vya waya humo kwanza, vyote viwe ndani ya maboksi. Apande saa kumi na mbili asubuhi, saa nne awe ameshashuka. Na akanyage mbao, jipsam haimbebi.